Saa ya Daraja Haiandikwi kwa Rangi ya Mafuta

Kamembe, Rusizi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ipokee kama vile nimepiga goti pale mlangoni na wewe unajifanya hujaniona mpaka niamkie mara ya pili. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, tena ndizi za huku zimeniongeza mwili, Mama atafurahi. Na ninyi je? Mguu umepona, au bado unaukanda kwa mawese usiku halafu asubuhi unamwambia Mama hauumi? Presha ya Mama inaendaje? Bibi bado anagombana na redio? Nataka majibu ya kweli, si yale ya "sote hatujambo" ambayo Shabani, huyo mdogo wangu, hunitumia kwa simu bila hata kuwauliza wenyewe.

Najua una hasira na mimi. Tulipozungumza mara ya mwisho ulisema, "Vita viko mlangoni kwako, Saada, rudi nyumbani," kisha ukampa Mama simu kabla sijafungua mdomo. Na mimi nikanuna siku nzima, na tabia hiyo unajua nimeirithi kwa nani. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatia mwenzake simu. Binamu Zubeda anakuja Ujiji harusini, nimempa barua hii mkononi na nimemwambia asiinuke hapo mpaka umeisoma yote. Mpe chai.

Swali lako nalijua: narudi au sirudi? Nitalijibu. Lakini kwanza nikueleze yaliyotokea huku mwezi huu, maana bila hayo jibu langu utaliona ukaidi mtupu.

Sikufichi, vita tunavisikia. Kamembe yenyewe imetulia. Maduka yanafunguliwa, wanafunzi wa Gihundwe wanapanda kilima na sare zao, pikipiki zinapiga honi kama kawaida. Lakini Bukavu ya Kongo iko pale ng'ambo ya mto tu, ukitazama vizuri unaona hata nguo zilizoanikwa. Kitu kikilia kule, watu wa huku hunyamaza wote kwa pamoja, hata sokoni, halafu wanaendelea kupatana bei. Naogopa, Baba. Ningekuambia siogopi ungejua nadanganya.

Sasa kazi yangu. Zubeda ameniambia kwamba pale kwa kinyozi unawaeleza watu kuwa binti yako anatengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta, Baba, hata skrubu yake sijawahi kuigusa. Ninafanya kazi na chama cha akina mama wanaovuka mpaka kufanya biashara. Wanapeleka Bukavu nyanya, vitunguu, maziwa na mchele wa Bugarama, wanarudi na vitenge na mawese. Kila asubuhi chama kinatoa tangazo: daraja lipi limefunguliwa, la Rusizi ya Kwanza au la Rusizi ya Pili, litafungwa saa ngapi, foleni ikoje, nyanya zina bei gani soko la Kadutu. Wenzetu walioko kwenye madaraja wananipigia simu, naingiza habari zao kwenye kompyuta, karatasi inatoka, inabandikwa mlangoni. Kisha Maman Nyota, katibu wa chama, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha tarafa nzima, anashika megafoni na kuwasomea watu barabarani, kwa sababu wengi wana mizigo kichwani na hawawezi kusimama kusoma.

Tangazo hilo ninaliandikia ndani ya kitu tunachokiita daftari, ila si la karatasi. Ni ukurasa wa kompyuta uliogawanywa visanduku, kimoja chini ya kingine. Kuna visanduku vya maneno ya kawaida. Humo unaandika sentensi yako, ukiizungushia alama za nyota mbili mbili inatokea kwa herufi nene, ukitanguliza alama ya reli inakuwa kichwa cha habari. Na kuna visanduku vya amri, humo unaiambia mashine ipige hesabu, ipange jedwali, ichore mchoro wa bei. Kisanduku cha amri ukikiendesha upya, majibu yake yanafuata habari za leo. Kisanduku cha maneno hakifuati kitu. Ulichokiandika Jumatatu ndicho utakachokikuta Ijumaa, hata dunia igeuke.

Unakumbuka ubao wa bucha ya mzee Kasimu? Mimi nilikuwa nakushikia makopo. Uliandika NYAMA SAFI YA NG'OMBE kwa rangi nyekundu ya mafuta, zile herufi zako za kivuli, halafu ulipofika penye bei ukapaka mraba mweusi kwa rangi ya ubao wa shule. Mzee Kasimu akaja juu. Alitaka bei nayo iwe ya mafuta ili ipendeze. Ukamwambia, "Jina lako ni la mafuta, bei ni ya chaki," ukaendelea kupaka kana kwamba hayupo. Sasa, Baba, kisanduku cha maneno ni rangi ya mafuta. Kazi yangu, kama ningepewa nafasi, ilikuwa kutengeneza ile miraba ya chaki.

Nasema kama ningepewa nafasi kwa sababu ya Papa Déo, mkubwa wetu ofisini. Alisoma seminari kabla hajagundua kwamba anapenda kuoa, na anapenda sentensi kama wewe unavyopenda herufi. Kila Jumatatu alikuja kwenye daftari langu akaandika mwenyewe ile sehemu ya juu kabisa, yenye herufi nene: salamu kwa akina mama, dua fupi, na saa ya kufungwa kwa daraja. Alikuwa anaandika vizuri, sikatai. Nilimwomba mara nyingi aniachie ile saa niiweke kwa amri, ijibadilishe yenyewe kila asubuhi. Alikuwa anacheka tu.

"Saada, binti yangu, hesabu ni ya mashine, maneno ni ya muntu. Mashine haijuake kusalimia ba maman."

Basi nikamwachia. Na kwa muda mrefu hapakuwa na neno, kwa sababu daraja lilifungwa saa ile ile siku zote. Vita viliposogea ndipo saa zikaanza kuhamahama.

Hapa nikutajie Maman Sifa, mwenye nyumba wangu. Napanga chumba cha uani kwake. Anauza vitunguu, ananiita mtoto wake wa Tanzania, na akipika sambaza, dagaa wa huku, lazima nionje hata kama nimeshiba. Ana binti mmoja tu, Neema, aliyeolewa Kadutu, kule Bukavu. Mume wa Neema ni dereva wa lori, na barabara zilipokatika alikwama upande wa Uvira. Wiki tatu zilizopita habari ikaja kwa mdomo wa wauza maziwa: Neema amejifungua, mtoto wa kike, yuko peke yake, na majirani wameanza kuhama. Huku ni kama kwetu, mzazi hurudi kwa mama yake akaogeshwe maji ya moto na kunyweshwa uji mpaka arobaini ipite. Lakini safari hii haikuwa habari ya uji. Kila mtu alikuwa akisema daraja linaweza kufungwa moja kwa moja, siku yoyote, na atakayebaki ng'ambo atabaki huko huko.

"Neema nilimubeba mugongoni mu ile vita ya kwanza," Maman Sifa aliniambia huku anafunga kitenge. "Tukavuka, mungurumo iko nyuma yetu. Sasa yeye pia iko na mutoto, na miye nikae hapa naangalia bitunguu? Leo leo namuleta."

Asubuhi hiyo alisimama mlangoni kwa chama pamoja na wenzake, akasikiliza megafoni. Maman Nyota akasoma herufi nene: daraja la Rusizi ya Kwanza litafungwa saa kumi na mbili jioni. Maman Sifa akapanga siku yake kwa saa hiyo. Atapanda mpaka Kadutu, atamwogesha Neema, atamfungia vitu vyake, watasubiri jua lipoe kwa ajili ya kichanga, kisha washuke polepole kwa miguu, maana mzazi wa juzi huwezi kumpakia kwenye pikipiki na barabara ile. Akavuka. Alichukua mwavuli wake wa maua, simu akaiacha juu ya kabati, kama wanavyofanya wafanyabiashara wengi siku hizi wasije wakanyang'anywa njiani.

Kumbe mwenzetu wa darajani alikuwa amenipigia asubuhi ile ile kusema kwamba leo litafungwa saa tisa alasiri. Niliingiza saa tisa, nikaendesha visanduku vyangu, nikachapisha. Jedwali la chini likasema saa tisa. Juu yake, maneno ya Papa Déo ya Jumatatu yakasema saa kumi na mbili. Na Maman Nyota alisoma ya juu tu, kama siku zote. Hapa watu wamezoea hivyo, kilicho kinene ndicho tangazo, na yale majedwali ya chini wanasema ni ya wafadhili tu.

Nilitoka nje na kikombe cha chai, jua limeshapanda, nikaitupia jicho ile karatasi mlangoni. Saa mbili tofauti zilikuwa zinagombana kwenye karatasi moja. Chai ilinimwagikia mguuni na sikuisikia. Nilimwita Papa Déo kwa sauti ambayo wewe usingeipenda, Baba, mtu mzima yule. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa tisa, hapa kumi na mbili, na Maman Sifa yuko Kadutu. Akasoma mara moja, akakaa kwenye benchi la nje, akavua miwani.

Maman Nyota hakukaa.

"Bagombane kesho," alisema. "Sasa tushuke ku daraja ya Premier, tutume komisio."

Komisio, Baba, ni desturi ya darajani, na bila hiyo leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa. Mtu anayevuka akipewa ujumbe wa kumfikishia mwingine ng'ambo, hakatai. Awe anamjua au hamjui, awe na ndoo kichwani, awe na haraka gani, anausikiliza, anaurudia kwa sauti ili uhakikishe ameushika, kisha anakwenda nao. Njia yake ikiishia kabla ya kumpata mwenye ujumbe, anampa mwingine, naye anaurudia vile vile. Halipwi mtu. Wanawake wanaonyang'anyana wateja mchana kutwa hawajawahi kunyimana komisio.

Tulishuka kwa pikipiki, Maman Nyota mbele yangu na megafoni mapajani kama mtoto. Pale Rusizi ya Kwanza watu wanaoelekea Bukavu walikuwa wachache, wengi walikuwa wanakuja upande wetu na magodoro. Maman Nyota alisimama pembeni ya njia akapaza sauti.

"Komisio! Komisio ya Maman Sifa wa bitunguu! Iko Kadutu, kwa binti yake Neema, bibi ya chauffeur! Bamwambie daraja inafungwa saa tisa, haiko saa kumi na mbili! Ashuke sasa!"

Mwanamke wa kwanza alikuwa na ndoo ya maziwa kichwani. Hakugeuza hata shingo. "Maman Sifa, Kadutu kwa Neema, saa tisa, ashuke sasa," alirudia, akapita. Nyuma yake mpagazi mmoja akarudia vile vile, halafu msichana muuza mikate. Nikawatazama wanavyovuka na yale maneno yetu midomoni mwao mpaka wakapotea kwenye kilima. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Tukasubiri.

Kusubiri ndiko kulikoniua. Papa Déo alifika baadaye, kwa miguu, viatu vyake vya ofisini vimejaa vumbi, rozari mkononi. Alisimama karibu nami akiitazama njia ya kilima. Kisha akasema, "Ile sentensi niliiandika bien, Saada. Ilikuwa muzuri sana." Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia, na hapo nikayaacha. Nilimpa mwavuli wangu ajikinge na jua.

Walinzi walianza kusogea kwenye kizuizi. Watu wakaanza kukimbia darajani, kila mtu na mzigo wake. Na ndipo Maman Nyota aliponishika mkono mpaka nikaumia. Ule mwavuli wa maua wa Maman Sifa ulikuwa unashuka kilima cha upande wa pili. Chini yake Neema alikuwa anatembea kwa hatua ndogo ndogo, ameshikiliwa kiuno, na Maman Sifa amemfunga kichanga kifuani. Nyuma yao wanawake ambao hawawajui kabisa walikuwa wamebeba beseni la Neema, godoro, na sufuria. Yule wa ndoo ya maziwa alikuwa mmoja wao, ndoo sasa tupu. Wakavuka. Kizuizi kikashuka nyuma yao na watu waliokuwa bado ng'ambo wakaanza kuita.

Nililia, Baba, nililia mbele za watu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Maman Sifa alituambia kwamba alikuwa anachemsha maji ya kumwogesha Neema, hana habari ya lolote, mara muuza mkaa, aliyepewa ujumbe na mpagazi, akapiga kelele dirishani: saa tisa. Hajafika mlangoni, msichana wa mikate akaja na lile lile: saa tisa. Walipokuwa wanafunga mizigo, mwenye maziwa naye huyo. "Batatu, neno moja," alisema. "Hata mutu asiyenijua amesema yangu bila kuongeza." Maji aliyaacha jikoni yanachemka.

Kesho yake daraja halikufunguliwa. Wala siku iliyofuata. Sasa limefunguliwa tena, kwa saa za kubahatisha, na Neema yuko chumba cha mbele, anakunywa uji na kunung'unika kwamba ni mwingi. Mtoto ameitwa Rehema, ila Maman Nyota anamwita Komisio, na naogopa jina hilo ndilo litakalobaki.

Maman Sifa alikuja ofisini mwenyewe. Nilidhani atatugombeza, na ingekuwa haki yake. Alikaa, akakubali chai, akaweka vitunguu mezani kwa Papa Déo, kisha akasema:

"Papa Déo, kama munajua, museme. Kama hamujue, museme hamujue. Siye tumezoea kuishi bila kujua. Lakini kutudanganya na herufi mukubwa, apana."

Alipoondoka, Papa Déo alivuta kiti chake mpaka penye meza yangu. "Haya, nionyeshe ile kitu ya papa yako," alisema. Nilikuwa nimemsimulia habari zako zamani, mzee Kasimu na mraba wake, nikidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa anasikiliza. Tukakaa wote wawili. Sentensi aliiandika yeye, neno kwa neno, lakini safari hii ndani ya kisanduku cha amri. Penye saa hatukuandika saa. Tuliweka mabano yenye mikunjo, na ndani yake jina tu: saa_ya_kufunga. Mabano hayo ndiyo mraba wako mweusi, Baba. Kila asubuhi mashine inachukua saa iliyoingizwa leo, inaijaza pale katikati ya sentensi ya Papa Déo, na inatoa tangazo zima na herufi zake nene. Saa ya Jumatatu haiwezi tena kulala humo mpaka Ijumaa.

Usidhani ilikubali mara moja. Mwanzoni nilisahau kuiambia mashine kwamba maneno hayo ni ya kupambwa, ikachapisha zile alama za nyota kama zilivyo, na Maman Nyota akauliza kama ni mapambo ya mtoto mchanga. Halafu asubuhi moja mwenzetu wa Rusizi ya Pili hakupiga simu, mahali pa saa pakawa patupu, na mashine ikaandika kwa herufi nene kabisa: "daraja litafungwa saa None." Hivyo ndivyo inavyoandika pakiwa hapana kitu. Papa Déo alicheka mpaka akakohoa, maana seminarini None ni sala ya alasiri. Alisema mashine imeanza kumcha Mungu.

Baada ya kucheka tukayakumbuka maneno ya Maman Sifa. Basi nikaongeza amri nyingine: kama saa ipo, sema saa; kama haipo, usikisie, usirudishe ya jana, andika maneno haya. Na maneno hayo akayatunga Papa Déo: "Ba maman, saa ya daraja hatujaijua bado. Anayevuka avuke akijua hivyo." Siku Maman Nyota alipoyasoma kwa mara ya kwanza kwenye megafoni, watu walisimama barabarani. Niliona wengine wanashusha mizigo na kukaa kungoja, wengine wanafunga vitenge vizuri na kwenda. Hakuna aliyetulaumu.

Tangu hapo mzee huyu hashikiki. Ametunga salamu za siku ya kawaida, za siku ya msiba, za siku ya mvua, za Idi na za Noeli, na asubuhi mimi naiambia mashine tu leo ni siku gani, nayo inachagua. Ile kauli yake ameirekebisha kidogo. Siku hizi anasema maneno ni ya muntu, mashine inabebaka tu.

Sasa jibu lako, Baba. Sirudi kukaa. Nimelifikiria sana na nimelia nalo, na sisemi kwa ukaidi. Kila asubuhi kuna wanawake wanaopanga siku yao, na watoto wao, kwa sentensi inayotoka mezani kwangu. Namfundisha Maman Nyota kuendesha visanduku ili siku nisipokuwepo kazi isisimame, na anajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, lakini bado. Begi langu limefungwa liko chini ya kitanda. Vita vikivuka mto, sitangoja uniambie mara ya pili, nitakuja. Hilo nakuahidi kwa jina la Mungu, na mbele ya Mama.

Ila nyumbani nitakuja, kwa Idi, tena nina shida yangu. Umeme hapa unakatika hovyo, na ukikatika kompyuta na printa vyote vinalala. Siku hizo tunahitaji ubao pale darajani. Papa Déo alikwenda kuagiza bango la plastiki, akaletewa kitu kinachong'aa, chaki haishiki hata kidogo. Mama ameniambia kwamba tangu hayo mabango ya plastiki yaingie mjini umepandisha brashi zako juu ya kabati na umesema ndio mwisho. Zishushe, Baba. Nakuomba. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayejua nini kiwe cha mafuta na nini kiwe cha chaki.

Ubao uwe mpana kama mlango wa nyumba yetu. Juu andika RUSIZI YA KWANZA, LINAFUNGWA SAA, na mraba. Chini yake RUSIZI YA PILI, LINAFUNGWA SAA, na mraba. Na chini kabisa, kwa herufi zako za kivuli, rangi nyekundu ya mafuta, kwa sababu hili halitabadilika: TUKIJUA TUTASEMA, TUSIPOJUA TUTASEMA.

Nisalimie Mama, mwambie chumvi naijua anakoificha. Nisalimie Bibi, redio aiache iseme, asikilize muziki. Nisalimie Mjomba Yusufu fundi baiskeli, na Shangazi Mwanaidi, mwambie mchumba sijampata, asiniulize tena kwa Zubeda. Shabani asome, mpira haukimbii. Maman Sifa anakusalimu sana, amesema mtu aliyemzaa Saada lazima naye ni mkali. Papa Déo naye anakusalimu, kama fundi kwa fundi.

Na ile miraba, Baba, usiibane ili maneno yapendeze. Iache mikubwa. Huku kuna siku tutaandika saa tu humo, na kuna siku tutahitaji nafasi ya kuandika kwamba hatujui.

Mimi mwanao, mshika makopo wako,

Saada